Huduma inayoishiwa na vielekezi vya faili

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba huduma yako ya usuli hukataa miunganisho mipya baada ya siku kadhaa, ikilalamika kuwa faili zilizofunguliwa zimezidi (yaani imeishiwa na vielekezi vya faili, namba ambazo mfumo huipa programu kwa kila faili au muunganisho inaoufungua), na kuiwasha upya huituliza kwa muda tu. Tafadhali usianze kwa kuongeza kikomo cha ulimit (idadi ya juu ya vielekezi ambavyo programu inaruhusiwa kuwa navyo), kwani huko ni kuahirisha tatizo. Kwenye Linux, hesabu kwanza vielekezi vilivyomo katika /proc/PID/fd (PID ni namba ya mchakato wa huduma yako) kila baada ya saa moja. Idadi ikizidi kupanda hata wateja wanapopungua, kuna uvujaji, yaani vielekezi hufunguliwa bila kufungwa. Kisha amri ya lsof -p, ikifuatwa na PID hiyo, itakuonyesha kinachorundikana. Mara nyingi nimekuta soketi (ncha za miunganisho ya mtandao) zilizokwama katika hali ya CLOSE_WAIT, yaani upande wa pili umekwisha kufunga lakini programu yako haijaita close, hasa pale msimbo wa kushughulikia hitilafu unaporudi mapema kabla ya kuufikia mstari wa close.