Anza na mbuzi ya bibi yako

Mdogo wangu, umeuliza kama mpenda mashairi, mapishi na mila za hapa Lamu achague kimoja ndipo aanze kuandika. Usichague. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858, dini, mume na usafi wa nyumba vilikaa pamoja. Wewe anza na mbuzi ya bibi yako: nazi inavyokunwa, tui linavyochujwa kwa kifumbu, lile zito likawekwa kando mpaka mbaazi ziive. Akitoa neno la Kiamu, lahaja ya hapa Lamu, liandike vivyo hivyo, usilisanifishe. (Mimi nililisanifisha, mamangu akanicheka siku mbili.) Sifa za mji wa kale waachie watalii. Ukurasa ukiisha, msomee palepale jikoni. Akikukatiza kukusahihisha, kalamu isiwe mbali.