Rangi zinazoamshwa na mwanga dhidi ya mwani kwenye mawe

Ndugu muulizaji, umeuliza kama kupaka methilini bluu, rangi ya buluu inayoamshwa na mwanga, kwenye ukuta wa mawe na kuuachia jua kutaondoa mwani wa kijani. Kimsingi inawezekana: rangi hiyo hufyonza mwanga mwekundu, hasa wa takriban nanomita 660, kisha huipa oksijeni nishati hiyo, na oksijeni iliyochangamshwa hivyo huharibu utando wa seli. Hata hivyo, oksijeni ya aina hiyo hudumu muda mfupi mno, kiasi kwamba isipozalishwa ndani ya seli au karibu nayo kabisa haidhuru kitu. Ndiyo maana ute unaoufunika mwani huukinga vizuri, nami nakushauri uusugue kwanza kwa maji na brashi laini. Ninachohofia zaidi ni jiwe lenyewe, kwa kuwa mawe ya chokaa na ya mchanga yenye vitundu vidogo hunywa rangi, na ingawa rangi hiyo hupauka juani, doa la buluu laweza kubaki. Jaribu pembeni, mahali pasipoonekana. Tena, rangi ikishapauka haifanyi kazi, na mwani hurudi palipo na unyevu, hivyo kama kuna mfereji wa paa unaovujia ukuta huo, ziba panapovuja kabla hujanunua chochote.