Jahazi Lisirudi Turubaini: Kutoa Mchoro wa Dhahania Kwenye Picha ya Kamera

SWALI: Shikamooni. Nina picha niliyopiga pwani hapa Bagamoyo asubuhi, maji yamekupwa, majahazi yamelala mchangani. Nataka kutoa mchoro wa dhahania, yaani wa maumbo na rangi tu bila kuonyesha kitu halisi, lakini kila nikijaribu naishia kuchora jahazi kisha kulivuruga kwa brashi. Nakosea wapi? *Msomaji, Dunda*

JIBU: Marahaba. Ukivuruga, jahazi linabaki pale pale, ila sasa limefunikwa na ukungu. Kazi kubwa hufanyika kabla brashi haijalowa.

Safishia picha kwenye karatasi, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa sm 10 kwa 15. Kata vipande viwili vya boksi vyenye umbo la L, uvielekezanishe juu ya picha vifanye kidirisha cha sm 4 kwa 6. Kitelezeshe taratibu hadi upate mahali ambapo huwezi tena kusema "hii ni kamba, huu ni mchanga". Mara nyingi utapapata pale mkunjo wa omo (sehemu ya mbele ya jahazi) unapokutana na kivuli chake kwenye mchanga mbichi, au kwenye ile pembetatu ya anga iliyobanwa kati ya mlingoti na foromali (mti unaoshikilia tanga). Nafasi tupu nayo ina umbo lake, kama kilivyo kitu chenyewe, na wachoraji wengi huiruka.

Sasa igeuze picha juu chini. Finya macho hadi uone vitu vitatu tu: weupe, giza na kilicho kati. Weka karatasi ya kunakilia juu ya kidirisha na uchore mipaka ya maeneo hayo matatu. Kadoa kadogo kuliko punje ya mchele kaunganishe na jirani yake.

Kutokana na mipaka hiyo, tengeneza majaribio manne au matano ya sm 8 kwa 12, kwa penseli tu. Usigawe maeneo matatu sawa kwa sawa, maana mchoro utapoa kama kitambaa cha pazia. Jaribu giza lichukue nusu, kati theluthi, weupe ubaki na kile kidogo kilichosalia. Halafu badilisha uone. Chagua jaribio moja, kisha ifungie picha kabatini. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: wanairudia picha "kuhakikisha", wanaongeza kamba moja, kisha ya pili, na jahazi limesharudi.

Kuhamishia kwenye turubai, piga mistari kila sm 2 kwenye jaribio na kila sm 15 kwenye turubai ya sm 60 kwa 90. Kote utapata miraba 24. Ukitumia turubai ya sm 60 kwa 60, maumbo yatabanwa na ule mkunjo uliokuvutia utapotea.

Rangi nazo zina usaliti wake. Ukiweka buluu juu na kahawia chini, jicho litasoma anga na mchanga hata kama hakuna jahazi. Hamisha rangi hizo, au chagua tatu nyingine pamoja na nyeupe.

SWALI: Rangi ya akriliki inanikaukia kwenye sahani kabla sijamaliza kuchanganya, na ikikauka turubaini inakuwa imekolea kuliko nilivyoichanganya. Nikitumia tepu ya karatasi kupata ukingo mnyoofu, rangi inapenya chini yake. *Msomaji, Magomeni, Bagamoyo*

JIBU: Akriliki hukauka kwa kupoteza maji, hivyo feni na upepo wa bahari dirishani ni maadui. Tandika kitambaa kibichi kwenye kontena lenye kifuniko, juu yake weka karatasi ya kuokea, changanyia hapo. Usiokoe rangi kwa kumwagia maji mengi: gundi iliyomo hudhoofika, na rangi ikikauka inaweza kubanduka au kufutika.

Kuhusu kukolea, gundi hiyo ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa. Ikikauka inakuwa angavu na rangi inaonekana imekolea. Changanya rangi iwe imefifia kidogo kuliko unavyoitaka, paka kwenye kipande cha karatasi, subiri ikauke ndipo uamue.

Tepu ikandamize kwa mgongo wa kijiko, kisha pitisha ukingoni kwanza ile rangi iliyoko chini. Itakayopenya itakuwa ya rangi ile ile, na itaziba mwanya. Ikikauka, paka rangi mpya, na uvute tepu kwa mshazari kabla rangi hiyo haijakauka kabisa.

SWALI: Nimeona mtandaoni picha nzuri ya mlango wa nakshi. Naweza kuitumia? *Msomaji, Kaole*

JIBU: Omba ruhusa ya mpigapicha kwa maandishi. Picha za kamera zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kubadilisha rangi hakuifanyi iwe yako.

Lakini milango ya nakshi ipo hapo hapo Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Nenda kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, au saa 10 jioni kuendelea, jua likiwa limelala. La utosini hupunguza vivuli, na nakshi inaonekana bapa. Tafuta mlango ambao saa hizo unapigwa na jua kwa ubavu. Omba ruhusa kwa wenye nyumba, kisha sogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa simu, hadi mfaa (ubao wa katikati ya mlango) na maua mawili ya nakshi, pamoja na vivuli vyake, vijaze kioo kizima.