Muulize Shangazi: Chupa bado zinanuka

SWALI: Shikamoo Shangazi. Natengeneza mvinyo wa rozela. Nimepata chupa tupu 40 kutoka hotelini, nimeziosha kwa sabuni ya unga mara tatu, bado zinanuka na baadhi zina weusi chini. Mvinyo wangu uliopita uligeuka siki. Nizichemshe tu? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Usianze kuchemsha. Uchafu ulioganda utaupika tu. Na sabuni ya unga iache. Huenda unachonusa ni manukato yake.

Ziloweke usiku kucha kwenye maji ya moto yenye kiganja cha magadi ya maharage. Asubuhi lebo zinavuka zenyewe. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula, usugue. Ule weusi ni ukungu. Tia chenga kavu za mchele na maji kidogo, ziba kwa kidole gumba, tikisa mpaka mkono ulalamike. Maji yatatoka ya kijivu. Suuza, elekeza chupa juani, chungulia kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ukiona utando hata kama wa buibui, rudia. Iliyowahi kutiwa mafuta ya taa usibishane nayo, itupe. Yenye pengo mdomoni pia.

Sasa chemsha. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, chupa ziingie kwenye maji baridi, ndipo uwashe moto. Yakitokota hesabu dakika 10. Mimi nilijitia haraka siku moja hapa Ngamiani, nikamimina maji yanayotokota kwenye chupa baridi. Kunyanyua, nimeshika shingo, kitako kimebaki kwenye karai, kimekatika duara kama kwa kisu! Ziache zipoe humohumo, kisha zipindue zichuje. Usizipanguse ndani kwa kitambaa.

Jiki wengi wanaisifia. Mimi siitaki: ikikutana na ukungu huweza kuacha harufu ya gunia bichi kwenye mvinyo. Na usiichanganye kamwe na siki, inatoa hewa ya sumu.

Kuhusu mvinyo kugeuka, chupa zina lawama, lakini ulijaza mpaka wapi? Vijidudu vya siki vinapenda hewa. Acha vidole viwili tu chini ya kizibo. Ila usizibe kabla haujamaliza kuchacha, chupa zitakupasukia kabatini.

Ule uliokwisha kugeuka, kama hauna ukungu juu, usiumwage. Utie kwenye achari ya maembe.