Barua kwa Mwanangu: Princeton Imejaaje Haraka Hivi?

Mwanangu Neema,

Unauliza Princeton, huo mji wa Texas ulio mashariki mwa McKinney, umejaaje watu kwa miaka michache, na kwa nini nyumba zake ni nafuu kuliko za Frisco, mji ulio upande wa magharibi, ilhali ni mpya kabisa. Hayo maswali mawili jibu lake ni moja, na liko kwenye ramani.

Ifungue. Barabara ya 380 inapita mjini ikitoka mashariki kwenda magharibi. Kusini kuna Ziwa Lavon, ambalo ni bwawa la East Fork, tawi la Mto Trinity, lililokamilika mwaka 1953. Ziwa hilo lina mikono miwili, mmoja upande wa magharibi wa mji na mwingine mashariki, kwa hiyo Princeton imekaa kama kwenye shingo ya rasi. Njia ya kukatiza maji kuelekea Lucas ipo, ila ni nyembamba. Wengi wanaofanya kazi Plano au Dallas hukimbilia 380 hadi McKinney, ndipo washike barabara kuu ya 75 iendayo kusini. Mitaa mipya ikiongezeka, magari yake yote yanamwagwa kwenye barabara hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo ardhi ya huko ilichelewa kupanda bei, na wajenzi walipokosa viwanja vya bei nafuu magharibi, wakahamia huku.

Zamani palikuwa mashamba. Reli ya Missouri, Kansas and Texas ilipita hapo mwaka 1881, na kituo kikaitwa Wilson's Switch kwa sababu ya mashamba ya akina Wilson. Walipoomba posta wakaambiwa jina la Wilson lina mwenyewe, wakachukua la Prince Dowlin, mwenye ardhi mwingine. Watu waliishi kwa pamba na vitunguu. Kambi ya vibarua wa mavuno ndiyo iliyowekwa wafungwa wa vita wa Kijerumani mwaka 1945.

Sasa hesabu. Sensa ya 2000 ilikuta watu 3,477, ya 2010 watu 6,807, ya 2020 watu 17,027. Makadirio ya Julai 2024 yakasema 37,019, ongezeko la asilimia 30.6 kwa mwaka mmoja, na magazeti yakautangaza mji unaokua kwa kasi kuliko yote Marekani. Asilimia hizo zisikutishe. Ni watu kama 8,700 walioongezeka, na Houston kwa mwaka huo huo iliongeza zaidi ya 43,000. Mji mdogo hupanda chati upesi kwa sababu idadi ya kuanzia ni ndogo. Kumbuka pia kwamba makadirio ya miji hutegemea sana hesabu ya nyumba, kwa hiyo vibali vya ujenzi ndivyo vinavyoonyesha mapema idadi inakokwenda.

Mji wenyewe ulilemewa. Septemba 2024 baraza la mji lilisimamisha maombi mapya ya ujenzi wa makazi kwa siku 120, kisha likaongeza muda. Sababu ni mabomba ya maji, majitaka, barabara na polisi. Usidhani kwamba ujenzi ulisimama siku ile. Viwanja vilivyokuwa vimeshaidhinishwa viliendelea, na ndiyo maana bado unaona fremu za mbao zikisimamishwa kila mtaa.

Kuhusu kununua, mambo mawili ndiyo huumiza watu huko.

La kwanza ni udongo. Eneo lote ni mfinyanzi mweusi, ndugu wa ule wa mbuga zetu: mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanywea na kupasuka. Nyumba hukaa juu ya bamba la zege lenye nyaya za chuma zilizokazwa, na udongo ukikauka upande mmoja tu, bamba linapinda. Dalili ni nyufa za mshazari kwenye kona za milango na madirisha, na milango inayogoma kufunga. Wenyeji hulaza mpira wa maji wenye vitundu sentimita 30 hadi 45 kutoka ukingo wa msingi, wakalowesha udongo polepole wakati wa kiangazi. Usiubandike kwenye zege, maji yatapenya chini.

La pili ni kodi ya nyumba. Texas haitozi kodi ya jimbo kwenye mshahara; kaunti, miji na shule hujilipa kwenye majengo. Thamani hupimwa kwa hali ya Januari 1. Ukinunua nyumba ambayo siku hiyo ilikuwa bado kiwanja, mwaka wa kwanza unalipia ardhi tu. Mwaka wa pili bili inaruka, na benki iliyokukopesha, ambayo kwa kawaida hukulipia kodi hiyo, inapandisha malipo ya kila mwezi ili kufidia pengo. Wengi hushikwa hapo. Muulize muuzaji kodi ya nyumba iliyokamilika ni kiasi gani, na kama mtaa uko ndani ya wilaya maalumu ya maji au ya miundombinu, maana hizo huongeza tozo zao juu ya kodi ya kaunti, mji na shule. Ukishahamia, omba nafuu ya kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe (homestead exemption). Itapunguza thamani inayotozwa kodi ya shule na kuzuia thamani ya nyumba inayotozwa kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Kwa kazi yako ya Plano mimi ningekodi nyumba kwanza. Kama umeshaipenda nyumba, endesha gari kutoka mlangoni pake siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, kuelekea McKinney, kabla hujaweka saini.

Baba yako