Muulize Kapteni: Nukta haikusubiri umalize hesabu

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwa marubani walioitwa kwenye usaili wa mashirika ya ndege, na karibu wote wanauliza jambo moja: ule mtihani wa kupima uwezo, wa kompyuta, unaotangulia mahojiano. Nimechagua barua nne.

*Shikamoo Kapteni. Nimemaliza chuo cha urubani, nina leseni ya biashara na saa 215 za kuruka. Nimeitwa kwenye mtihani wa kupima uwezo na zimebaki wiki tatu. Wenzangu wanasema mtihani huo hausomewi, ama umezaliwa nao ama basi. Mwingine ananiuzia faili la maswali anayodai ndiyo yenyewe. Hesabu zangu tangu shule ni za kusuasua. Nianzie wapi?*
*Rubani Asiye na Ndege*

Marahaba mwanangu. Anza kwa kutonunua faili hilo. Maswali mengi ya mitihani hii huzalishwa na kompyuta palepale ulipokaa, na tarakimu zako hazitakuwa za mwenzako wa kiti cha pili. Anayekuuzia faili anakuuzia jana.

Kuhusu kuzaliwa nao, wenzako wana nusu ya ukweli. Upo uwezo ambao wiki tatu haziuongezi. Lakini ipo pia hasara ya ugeni, na hiyo huondoka kwa mazoezi. Mtu akirudia jaribio la aina moja mara kadhaa, alama zake hupanda, kisha hufika mahali zikatulia. Kazi yako sasa ni kufika hapo kabla ya siku yenyewe, ili wakupime wewe, wasipime mshangao wako.

Mimi walipima mshangao. Mara yangu ya kwanza nilikalishwa mbele ya kioo chenye nukta inayotangatanga, nikaambiwa niirudishe ndani ya duara kwa kijiti cha mkono wa kulia. Rahisi. Kisha sauti ikaanza kunisomea tarakimu masikioni, nibonyeze kila nikisikia mbili shufwa zikifuatana. Hiyo nayo nikaiweza. Halafu pembeni kikajitokeza kisanduku: 38 mara 7. Mimi niliyekuwa nasifiwa hesabu darasani nikaona hapa ndipo pa kujionyesha. Nikapata 266, nikaiingiza kwa fahari, na nilipoinua macho nukta ilikuwa imejibana kwenye kona ya juu kama mjusi. Ilikuwa kule tangu lini, sijui. Tarakimu za masikioni zilikuwa zimeshapita. Nikaanza kujilaumu, na nilipokuwa najilaumu zikapita nyingine. Barua ya kunikataa ilikuwa na mistari mitatu.

Kwa hiyo wewe mwenye hesabu za kusuasua usidhani umeanza nyuma ya wote. Mimi hesabu nilizijua, nikazipa macho yote mawili, nikaanguka.

Hata hivyo hesabu utazinoa, kwa sababu hesabu iliyo nyepesi haiombi macho mengi. Huhitaji kitabu kikubwa. Hesabu za rubani ni chache na zinarudi zilezile. Mwendo ugawe kwa 60: ndege inayokwenda maili 480 za baharini kwa saa inakula maili 8 kwa dakika. Mafuta vivyo hivyo: kilo 2,400 kwa saa ni kilo 40 kwa dakika, basi dakika 35 ni kilo 1,400. Kushuka: kila futi 1,000 zinataka maili kama 3, hivyo kutoka futi 35,000 hadi 5,000 unahitaji maili 90. Futi za kushuka kwa dakika ukiwa unakuja kutua kwenye mteremko wa kawaida wa nyuzi 3: chukua mwendo wako juu ya ardhi uzidishe kwa 5, maili 140 kwa saa zinakupa futi 700. Na mwelekeo wa kinyume, kwa nyuzi za dira: ongeza 200 utoe 20, au toa 200 uongeze 20. Kinyume cha 137 ni 317. Kinyume cha 250 ni 070. Usizikokotoe ukiwa umekaa mezani na kalamu. Zikokotoe ukitembea, ukifagia, ukishuka ngazi, maana siku ya mtihani mikono yako itakuwa na kazi nyingine.

Jambo ambalo vitabu vya mazoezi haviligusi: sauti ya mtihani kwa kawaida huongea Kiingereza. Kama kichwani mwako unahesabu kwa Kiswahili, kila tarakimu inavuka daraja kabla ya kufika, na daraja hilo linakula nusu sekunde ambayo huna. Mimi bado najumlisha kwa Kiswahili hadi leo, sioni aibu. Lakini kusikia na kukumbuka tarakimu nilijizoesha kwa lugha zinamotoka. Mwombe mtu akusomee tarakimu sita, kisha saba, uzirudishe kinyumenyume. Akikuchoka, jirekodi mwenyewe.

Kuna pia jaribio la picha za ndege. Unaonyeshwa geji mbili, ya upeo, yenye bluu juu na kahawia chini, na ya mwelekeo, kisha uchague ndege iliyo sawa nazo kati ya picha nne au tano. Wenye leseni huanguka hapa kuliko wasio nayo, nadhani kwa sababu wanadharau. Shika hili moja: ukiona ile kahawia imepanda upande wa kulia, bawa lako la kulia ndilo lililoshuka. Jiweke ndani ya kiti, usiitazame ndege kama mtu aliyesimama uwanjani.

Mgawo wa wiki tatu? Dakika 25 asubuhi, 25 jioni, na siku moja ya wiki usiguse kitu. Siku tatu za mwisho punguza, na usiku wa kuamkia mtihani lala. Nimewaona waliokesha. Wanaanza vizuri sana, na kufikia dakika ya arobaini wanatazama kioo bila kukiona.

*Kapteni, habari za kazi. Nilifanya mtihani mwaka jana. Hesabu nilipata 7, picha 8, kumbukumbu 6, lakini kufanya mambo mengi kwa pamoja nikapata 2, wakanikataa. Ukipiga wastani nimefaulu! Hii si dhuluma? Na je, inafaa nirudi?*
*Aliyeachwa kwa Alama Moja*

Salama. Si alama moja, dada, nitakueleza.

Namba ulizoandika zinafanana na za kipimo cha ngazi tisa kiitwacho stanaini, kilichozaliwa katika vikosi vya anga vya jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, walipokuwa na vijana wengi mno wa kuchuja na muda mchache. Ngazi hizi hazihesabu maswali uliyopata. Zinaeleza umesimama wapi kati ya watu. Katika kila 100, 20 husimama ngazi ya 5, pale katikati, na 4 tu hufika ngazi ya 9. Ngazi ya 1 nayo ina 4. Ngazi ya 2 ina 7. Maana yake 89 kati ya mia walikuwa juu yako katika jambo hilo.

Na wastani wengi hawautumii. Shirika huweka kizingiti kwa kila eneo, na atakayekwama katika eneo moja amekwama. Unaiona dhuluma, na hata mimi niliiona hivyo nilipokuwa upande wako wa meza. Baadaye nilikaa miaka sita upande wa pili, kwenye jopo la kuchagua, nikaelewa kwa nini 8 ya picha hailipi deni la 2 ya umakini.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1972 ndege ya Eastern Air Lines nambari 401, Lockheed L-1011, ilikuwa inakuja kutua Miami. Taa ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limefunga haikuwaka. Wakapanda hadi futi 2,000, wakawasha mtambo wa kujiendesha, wakazunguka ili waangalie. Taa yenyewe ilikuwa imeungua tu. Walipokuwa wanahangaika nayo, ule mtambo ulitoka kwenye kushikilia kimo bila wao kujua, na ndege ikashuka polepole gizani. Kengele ya kimo ililia. Hakuna aliyeijibu. Ikaangukia vinamasi vya Everglades, watu 101 wakafa. Chumba kile hakikukosa akili. Kilikosa jicho moja la kubaki kwenye nukta.

Sasa kurudi. Kwanza soma tena barua yao: mashirika mengi huweka muda wa kungoja kabla ya kukuruhusu kujaribu tena, na mengine hayaruhusu kabisa. Wakikuruhusu, rudi, lakini usirudi na mazoezi ya hesabu na picha, hayo unayo. Fanya zoezi moja tu hadi likuchoshe: kazi ya mikono isiyosimama pamoja na kazi ya masikio, kisha chomeka kazi ya tatu. Programu za mazoezi zipo nyingi kwenye intaneti, lakini hata mpira wa kudundisha kwa mkono mmoja huku mtu akikusomea tarakimu unafundisha kitu kilekile.

Unachojifunza ni mzunguko wa macho. Nukta, kisanduku, nukta, saa, nukta. Kila kitu kinapewa zamu fupi, na nukta inapewa zamu kila baada ya kitu. Swali la hesabu likikataa kufunguka kwa sekunde tano, liache. Liache kwa moyo mmoja. Wengi hawaangushwi na swali walilokosa, wanaangushwa na maswali matatu yanayolifuata, ambayo walikuwa wanayajibu huku wakiomboleza lile la kwanza. Mimi nilijiwekea neno la kujiambia kila nikikosea: "limepita." Lilionekana la kitoto mwanzoni. Bado nalitumia kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza ndege tunayofanyia mazoezi, nikiwa na mistari minne ya ukapteni begani.

*Shikamoo mama Kapteni. Kwenye dodoso la tabia kuna maswali kama "napenda kuongoza wenzangu" na "huwa nakasirika haraka". Nijibu nilivyo au wanavyotaka? Na lile zoezi la kikundi nizungumze sana ili wanione?*
*Mpole wa Nyuma*

Marahaba. Jibu ulivyo ukiwa kazini. Dodoso hizo hurudia jambo lilelile kwa maneno mengine baada ya kurasa kadhaa, na anayejichora malaika ukurasa wa 2 husahau mabawa yake ukurasa wa 9. Tena majibu yako yanaweza kuwekwa mezani siku ya mahojiano: "Umesema hukasiriki kamwe. Tuambie siku ya mwisho uliyokaribia." Sijui mtu aliyejibu hilo vizuri baada ya kudanganya.

Zoezi la kikundi ndilo nililolipenda nikiwa kwenye jopo. Watu sita, karatasi moja yenye tatizo, dakika 20. Sisi tunakaa ukutani, kimya, tunaandika. Sikuwahi kuandika nani amezungumza sana. Niliandika nani ameangalia saa. Nani amemwuliza asiyesema. Nani amekatwa kauli na alifanya nini baada ya hapo. Na kama jibu la kikundi lilikuwa baya, mara nyingi sikujali.

Nakumbuka kijana mmoja mpole kama wewe. Alipewa kazi ya hesabu za kikundi chao, na zikiwa zimebaki dakika 4 akainua mkono, akasema, "Samahani, nilikosea kule juu, maili zangu si sahihi. Naomba tubadili mpango." Wenzake wakaguna, mmoja akapiga meza. Yeye akawasomea namba mpya polepole. Niligeuka kumtazama mwenzangu wa jopo, naye alikuwa ameshapiga mstari chini ya jina la kijana yule mara mbili. Basi, upole wako haunitishi. Kinachonitisha ni mpole aliyeona kosa akanyamaza.

*Kapteni, mimi ni wa shoto. Nasikia kijiti cha mtihani huwekwa kulia. Nimekwisha?*
*Mkono wa Kushoto*

Hujakwisha. Uliza msimamizi kabla ya kuanza, si katikati, kama kijiti kinahamishika. Kisipohamishika, una sababu ya kuanza mazoezi leo na mkono wa kulia, hata wa kuendeshea kipanya cha kompyuta. Kwenye Airbus za kijiti cha pembeni rubani msaidizi hukishika kwa mkono wa kulia, na siku anapohamia kiti cha kapteni anakikuta upande wa kushoto. Siku nilipohama mimi, wiki nzima niliiyumbisha simuleta hadi mwalimu wangu akaomba mkanda wa ziada. Wewe siku hiyo utakuwa nyumbani.