Kanzu nyeupe inatoka kijivu, suti nyeusi nayo kijivu: mita ya kamera imekufa?

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi niko Tanga, natumia Canon DSLR (kamera ya kioo ndani). Sikukuu ya Idi nilipiga watu uwanjani wamevaa kanzu, zikatoka za kijivu kama hazijafuliwa na nyuso giza. Baadae nikapiga harusi, nyuma ya bwana harusi kuna pazia jeusi, huko uso ukaungua (ukapauka kwa mwanga kuzidi) na suti ikawa jivujivu. Nikaambiwa hamia M (kupanga mwanga kwa mkono), nikahamia, mshale wa mita nauweka pale katikati kwenye sifuri lakini matokeo yaleyale. Nimpelekee fundi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Usipeleke popote kwanza, manake ulichonieleza ndo dalili ya mita nzima, cheupe kimetoka kijivu na cheusi kimetoka kijivu. Mita ya ndani ya kamera haipimi mwanga unaomwangukia mtu, inapima ule unaorudi kutoka kwake kuingia kwenye lenzi, na yenyewe haijui inatazama kanzu au gunia la mkaa, kwahiyo imewekewa dhana moja tu, kwamba vitu vyote vya kwenye fremu ukivichanganya unapata kijivu cha kati, kile cha kadi ya kijivu inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kitambaa cheupe kinarudisha karibu asilimia 90, hapo umeshapanda zaidi ya stopu mbili (stopu moja ni mwanga mara mbili), mita inaona mwanga umezidi inakata, kanzu zinashuka hadi kijivu na nyuso zinashuka nazo. Pazia jeusi ni kinyume chake, inaona giza inaongeza, uso wa watu unaungua.

Na hapo kwenye M ndo wengi wanapokwama. Ule mshale ni mita ileile, ukiuweka kwenye sifuri umeitii kama vile uko kwenye otomatiki, tofauti ni kwamba sasa unazungusha kwa mkono wako. Ukiwa M na fremu imejaa kanzu, sogeza apacha (tundu la lenzi), shata (muda wa kuingiza mwanga) au ISO (wepesi wa senza kupokea mwanga) mpaka mshale usimame kwenye +1 au zaidi kidogo, na kwenye pazia jeusi ushushe mpaka -1 au -1.5. Ukiwa kwenye Av (unachagua apacha, kamera inapanga shata) au P (kamera inapanga vyote viwili) tumia kitufe cha +/-, namba ni hizohizo, ila kumbuka kurudisha sifuri ukimaliza. Alafu washa alamu ya sehemu zilizoungua kwenye skrini, kanzu ikianza kupepesa nyeusi-nyeupe punguza, manake nyuzi za kitambaa zikishaungua hata ukipiga RAW (faili ghafi la kamera) hazirudi zote.

Utaniuliza mbona kamera za siku hizi zina akili. Kweli, tangu Nikon FA ya 1983 iliyogawa fremu vipande vitano na kuvilinganisha, hadi sasa vipande ni vingi mno na mita inaangalia pia umefokasi wapi, kwa hiyo picha nyingi za kawaida inapatia. Lakini safu ya watu arobaini wenye kanzu chini ya jua la saa tatu, bado itakosea.

Ile namna ya kupima inayoitwa spoti mimi naipenda ukumbini, inasoma kiduara kidogo tu, pazia halina tena sauti. Ila Canon nyingi spoti inakaa katikati hata kama umefokasi pembeni, kwahiyo elekeza katikati kwenye uso, funga kipimo kwa kitufe cha nyota (ukiwa Av au P), ndo upange fremu. Na ngozi zetu nyingi ni nyeusi kuliko kile kijivu, ukisoma uso wa mtu mweusi kwa spoti ukaacha sifuri atatoka mweupe kuliko alivyo, bi harusi anaweza kufurahi lakini sio yeye, shusha kama theluthi mbili za stopu mpaka stopu nzima kulingana na mtu.

Kitu kingine cha DSLR, mita iko juu karibu na kile kidirisha cha kuchungulia, ukiweka kamera kwenye stendi na jicho hulipo, mwanga unaingia kwa nyuma na kuidanganya. Kile kipira kwenye mkanda wa Canon nyingi kazi yake ndo hiyo, kuziba pale. Mirrorless (kamera zisizo na kioo) hazina shida hii, zinapima kwa senza yenyewe ya picha.

Kama bado una wasiwasi, jaza fremu na ukuta wa rangi moja wenye mwanga sawa, flashi zima, +/- sifuri, weka Av upige. Histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye skrini, giza kushoto, weupe kulia) ikisimama kilima kimoja maeneo ya katikati, mita ni nzima, hata ukuta uwe wa rangi gani. Alafu rudia kwa apacha ya f/4, f/8 na f/16 (namba ikikua tundu linapungua): picha zote ziwe na mwanga uleule. Zikizidi kung'aa kadri unavyoenda f/16, mita haina kosa, ni majani ya apacha ndani ya lenzi yamenata, kwasababu DSLR inapima lenzi ikiwa wazi na apacha inafunga ule wakati wa kupiga tu. Hapo sasa peleka lenzi kwa fundi, kamera iache nyumbani.